Mfereji Mwishoni mwa Mrija

Damu ya Aluoch ilipotoka mwilini kwenda kuoshwa, Aluoch naye alitoka akaifuata.

Hakuwa amemwambia mtu. Angeanzia wapi? Kila mara ilikuwa vile vile. Sista Idil alinawa mikono, akavaa glavu, akafungua vifuniko viwili vya mrija uliochomoza shingoni mwa Aluoch, kimoja chekundu na kingine cha samawati, kisha akauunganisha mrija huo na mipira mirefu ya mashine. Mashine iliguna, gurudumu lake dogo likaanza kuzunguka. Aluoch alihisi ubaridi mwembamba chini ya sikio, kama mtu amempulizia kwa utani. Halafu kiti kikawa chepesi, sauti za chumbani zikasogea mbali, na mbele yake ikafunguka barabara.

Ilikuwa barabara ya mtaa wa kwao, Umoja, lakini imefagiwa. Hapakuwa na makelele. Nguo zilipepea kwenye kamba bila upepo, na kila duka lilikuwa limefunga mlango kwa upole, kama mtu aliyefumba macho. Nyumba zilikuwa zimehama. Magorofa ya Tassia, yale yanayobanana mpaka majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani, yalikuwa yamekuja kusimama nyuma ya nyumba za Umoja, yakichungulia kwa aibu. Mbali kidogo, mabomba ya moshi ya viwanda vya Baba Dogo yalitoa unga mweupe badala ya moshi, nao unga ukashuka polepole juu ya mapaa. Chini, katikati ya lami, ulipita uzi mwekundu. Hiyo ndiyo damu yake. Aliifuata miguu mitupu, bila haraka, mpaka nyuma ya nyumba ya mwisho, mahali palipokuwa na mfereji wa bomba juu ya sakafu ya saruji.

Aluoch alifungua mfereji, akainama, akanywa.

Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya mvua iliyopita juu ya mabati. Alikunywa yakamwagika kidevuni, yakalowesha kifua, na hakuna aliyemwambia basi. Alikunywa mpaka alipoguswa bega.

"Aluoch, dadangu. Tumemaliza."

Akafungua macho. Chumba kilikuwa kile kile, mashine zimepangwa ukutani, wagonjwa wanavaa viatu. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gamba la muhogo.

Mtu ambaye figo zake zinafanya kazi hawezi kuielewa kiu hii. Mkojo wa Aluoch ulikuwa umekatika karibu wote, kwa hiyo kila alichokunywa kilibaki ndani yake, kikimjaa miguuni na usoni, na kikizidi kinapanda kifuani na kumziba pumzi. Aliruhusiwa vikombe viwili vidogo kwa siku, na humo chai ilihesabiwa, uji ulihesabiwa, hata mchuzi ulihesabiwa. Mumewe, Sylvance, alikuwa amezoea kunywa maji akiwa nje ya mlango, akirudi kutoka kazini, ili mkewe asimwone koo likipanda na kushuka. Aluoch alimsikia hata hivyo.

Mwanzoni hakujua ni ugonjwa. Alidhani viatu vyake vimeingia maji vikakauka vibaya, maana vilianza kumbana. Alikuwa akipika chapati kwenye kibanda karibu na lango la kiwanda cha mabeseni, huko Baba Dogo, ambako Sylvance alifanya kazi. Siku moja alianguka juu ya meza ya unga. Alipozinduka hospitalini, mrija ulikuwa umeshawekwa pajani kwa haraka, kuokoa maisha. Baadaye ule wa pajani ulitolewa, wakamwekea huu wa shingoni, upande wa kulia.

"Huu nao ni wa muda," daktari alimwambia. "Umeingia kwenye mshipa mkubwa unaokwenda moja kwa moja mpaka kwenye moyo. Ni mlango mzuri, lakini ni mlango ulio wazi. Uchafu ukiingia hapo, umeingia sebuleni. Kwa hiyo tutakutengenezea mlango mwingine mkononi."

Wakampasua mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, wakaunganisha mishipa miwili chini ya ngozi. Damu ya nguvu ikaanza kupita mahali ambapo zamani ilipita damu ya polepole, ili mshipa ule unenepe na kukaza, uweze kuchomwa sindano mara kwa mara. Tangu siku hiyo mkono ulivuma. Aliyeushika alihisi mtetemo, na Aluoch akiulaza karibu na sikio alisikia sauti kama ya mashine ya kusaga unga, ikiwa mtaa wa pili.

Hakuupenda mkono huo. Aliuvisha sweta hata jua likiwaka.

Alipewa mpira laini wa kufinyafinya ili mshipa ukomae. Aliutupa ndani ya kapu la vitunguu, akausahau kwa makusudi. Lakini kukanda unga aliendelea kukanda, kidogo kidogo, nyumbani, chapati za Sylvance na za jirani, kwa sababu mikono iliyozoea unga haiwezi kukaa bure. Na unga ulifanya kazi ambayo ingefanywa na mpira. Mkono uliiva bila ruhusa yake. Mshipa ukasimama chini ya ngozi, mnene kama kamba ya kuanikia nguo.

Sista Idil aliuona.

"Huu umekuwa tayari," alisema, akipapasa kwa vidole viwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye hijabu iliyopigwa pasi vizuri, na macho ambayo hayakukosa kitu. "Tujaribu leo, Aluoch? Sindano mbili tu. Ukizoea, tunautoa huo mrija."

"Wiki ijayo, Sista. Leo unaniuma."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Msichana huyu wiki ijayo yake haijawahi kuwekwa kwenye kalenda," alisema Mzee Wahome kutoka kiti cha pili.

Wahome alikuwa dereva wa kanjo, baraza la jiji, aliyestaafu, mtu wa tumbo na kofia, aliyeanza kusafishwa damu kabla ya wote pale. Mkono wake ulikuwa na manundu ya mishipa kama mizizi ya tangawizi, na alijivunia.

"Guka, wewe shughulika na mashine yako," Aluoch alimjibu, akimwita babu kwa lugha ya kwao mzee.

"Mimi na mashine tumeoana kitambo. Wewe nayo bado mnachumbiana."

Watu walicheka. Aluoch alicheka pia, akafumba macho, akangoja ule ubaridi chini ya sikio.

Haikuwa sindano tu iliyomtisha. Sindano ni kitu cha kupita. Aliogopa kwamba maumivu yangemweka macho. Aliamini kwamba barabara ile ilifunguka kwa sababu ya mrija, na kwamba siku mrija utakapotoka, mfereji utafungwa. Angebaki na vikombe viwili vidogo maisha yake yote, na mahali pa kunywa ashibe hangepaona tena. Basi akasema wiki ijayo, na ilipofika akasema ijayo.

Shiku, rafiki yake msusi, alimpata akipita mbele ya saluni yake Jumamosi, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

Saluni ilikuwa kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi, Umoja, kwenye kona wanapouza makaa. Shiku na Aluoch walihamia ploti moja ya nyumba za kupanga mwaka ule ule, na Shiku hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Sasa wewe, unajificha nani? Hebu toa hiyo kitambaa."

"Niache, Shiku."

"Toa."

Alitoa. Shiku alishika kiuno.

"Aki Aluoch! Hii kichwa ni yako ama umeazima? Hizi nywele zinaweza sugua sufuria."

"Sista alisema nisiloweshe hapa." Aluoch aligusa plasta kubwa iliyofunika mahali mrija ulipoingilia. "Ndiyo maana sioshi."

"Nani amesema tunaosha? Nitachana, nisuke. Kavu kabisa. Sylvance akikuona atadhani ameletewa mke mwingine. Kaa hapo, na pesa yako sitaki, utanipikia chapo."

Aluoch akakaa. Kwa kweli alitamani. Tangu awekwe mrija hakuna aliyemshika kichwa isipokuwa kumpima homa. Shiku alimzungushia taulo, akafunika plasta kwa karatasi ya nailoni, akaikunja vizuri pembeni. Kisha vidole vyake vikaanza kazi, vikigawa, vikivuta, vikipinda. Redio ilinong'ona. Nje, mtu alikuwa akipiga kelele za bei ya ndizi. Aluoch akahisi usingizi ukimpanda kutoka miguuni. Alidhani ataiona barabara, lakini kila alipokaribia, Shiku alimwinua kidevu.

"Usilale, utanifanya nipinde mistari."

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mlango Shiku alipofunga msuko wa mwisho. Kilichobaki ni ncha. Na kila msichana wa Eastlands, upande huo wa jiji, aliyewahi kusukwa anajua mwisho wa kazi: misuko inakusanywa nyuma, ncha zinatumbukizwa kwenye jagi la maji moto ili zijifunge zisifumuke. Shiku alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Mikono yake ilifanya kabla kichwa hakijafikiri. Alizamisha fungu la kwanza, akalifuta. La pili, akalifuta. La tatu lilikuwa la upande wa kulia, na wakati huo huo kichwa cha Aluoch kililegea kwa usingizi, kikaangukia bega.

Misuko ikaponyoka ikiwa imejaa maji. Ikampiga shingoni. Maji moto yakaingia chini ya nailoni.

"Woi!" Shiku alipiga kelele kuliko aliyeungua. "Woi, nimekuua!"

"Hujaniua. Nyamaza."

Waliifungua nailoni. Ngozi haikuwa imebabuka, ilikuwa na wekundu tu, lakini plasta ilikuwa imelowa na pembe yake imeinuka. Chini yake ulionekana uzi ulioishona kola ya plastiki ya mrija kwenye ngozi.

"Twende hosi saa hii," Shiku alisema. Macho yalimtoka. "Naitisha boda."

Aluoch alijitazama kwenye kioo. Kwenda hospitali kulimaanisha Sista Idil, na Sista Idil alimaanisha kuchomwa mkono. Angefungua plasta, angetikisa kichwa, angesema kwa ile sauti yake ya upole kwamba sasa basi. Na hapo mfereji ungefungwa.

"Ni plasta tu," alisema. "Ikauke, uirudishe. Jumatatu naenda huko."

"Una uhakika?"

"Kwani mgonjwa ni nani?"

Shiku akaikausha kwa draya, akiwa ameishika mbali kama anayepoza chai ya mtoto. Plasta ikakauka, ila pembe ikakataa kushika. Alijaribu selotepu. Ikabanduka. Mwishowe alifungua droo, akatoa chupa ndogo ya gundi nyeusi, ile ya kubandikia nywele bandia, akaitikisa.

"Hii hata unyeshewe wiki mzima haitoki," alisema, sauti yake ikiwa imepata nguvu tena. Akapaka mstari kuzunguka plasta, akabonyeza kwa kidole gumba, akapuliza.

Sylvance aliporudi jioni ile alisimama mlangoni kwa muda.

"Samahani, dada," alisema. "Nimekosea nyumba?"

Aluoch alificha uso kwa kiganja. Tangu mvua za mwanzo wa mwaka hakuwahi kumtania hivyo. Kwa hiyo hakumwambia habari ya maji, wala ya gundi, na usiku alilala chali, misuko imetandazwa juu ya mto wa kulalia, shingo ikimwasha kidogo.

Jumatatu Sista Idil alisifu nywele kabla hajagusa chochote. Kisha akavuta pembe ya plasta. Haikuja. Akavuta tena, ngozi ikainuka pamoja nayo.

"Hii ni nini?"

"Gundi, Sista."

"Gundi ya nini?"

Aluoch alinong'ona. "Ya nywele."

"Ya nywele!" Mzee Wahome alirudia kwa chumba kizima. "Jamani, si angalau ingekuwa ya mbao?"

Sista Idil hakucheka. Alifanya kazi kimya, akiloweka, akibandua kidogo kidogo, mpaka plasta ikatoka na ngozi chini yake ikaonekana, nyekundu, ina unyevu uliotulia kando ya mrija. Alichukua pamba, akafuta, akaitazama kwenye mwanga. Alimwita daktari. Daktari alibonyeza, akapima joto, akakuta halijapanda. Miguu ya Aluoch ilikuwa imejaa na lazima asafishwe.

"Muunganishe," daktari alisema, "ila msimwache peke yake."

Mashine ikaguna. Ubaridi ukaja chini ya sikio, na Aluoch akashukuru.

Barabara ilikuwa pale, lakini nguo kwenye kamba zilikuwa zinatikisika. Hapakuwa na upepo. Zilitikisika kama watu wenye homa. Unga ulioshuka kutoka viwandani ulikuwa wa baridi, ukamkalia mabegani, haukuyeyuka. Uzi mwekundu ulikwenda mbele yake upesi kuliko siku zote, akakimbia kuufuata, na magorofa ya Tassia yakagongana madirisha, ka-ka-ka, ka-ka-ka. Akafika kwenye mfereji. Akaufungua. Hakukutoka maji. Ulitoka ubaridi mtupu, ukamwingia mdomoni, ukashuka kooni, ukajaa tumboni, na kila alipojaribu kufunga mfereji mkono wake ulimponyoka, na yale madirisha yaliyogongana yalikuwa meno yake.

"Sista! Sista! Msichana anatetemeka!"

Ilikuwa sauti ya Wahome, na safari hii haikuwa na utani. Aluoch alifungua macho. Kiti kizima kilitikisika chini yake. Sista Idil alikuwa ameshasimamisha mashine, blanketi mbili zikatupwa juu yake, mtu akamchoma dawa, mtu akatoa damu ya kupima.

"Uchafu umeingia kwenye damu," Sista Idil alisema karibu na sikio lake. "Umekaa kwenye mrija, na mashine ilipoanza kuvuta, ukasukumwa mwilini. Tulia, dadangu. Tumekushika."

Mrija ulitolewa siku ile ile. Walimlaza chali, kichwa chini kidogo, daktari akakata nyuzi.

"Vuta pumzi. Ishikilie."

Alihisi kitu kikiteleza ndani ya shingo, kirefu, laini, bila maumivu, kisha vidole vikakandamiza mahali pale kwa muda mrefu. Alipoweza kugeuza macho aliuona kwenye sinia. Alidhani ungekuwa mrefu kama barabara yote ile. Ulikuwa umefika urefu wa penseli mpya.

Alilazwa wodini, dawa zikipita kwenye mshipa mdogo wa mkono wa kulia. Homa ilishuka. Lakini sasa alikuwa hana mlango wowote, na maji yalianza kukusanyika. Kwanza miguuni. Kisha usoni, macho yakawa membamba. Keshoye aliomba mto wa pili, halafu wa tatu, kwa sababu akilala pumzi haikutosha.

Shiku alikuja na uji ambao hakuruhusiwa kunywa, akakaa kitandani akalia mpaka muuguzi wa wodi akamwonya.

"Mimi ndio nilikugundisha," alisema.

"Mimi ndiye niliyekwambia."

"Bado. Ungekufa ningeenda wapi na jina la muuaji?"

"Ungesuka maiti. Nywele ziko sawa." Aluoch alisema hivyo akitafuta pumzi kati ya maneno, na Shiku akacheka huku makamasi yakimtoka.

Asubuhi iliyofuata Sista Idil alipanda kutoka chini, akavuta kiti.

"Daktari ameniambia nikuulize, kwa sababu mwili ni wako. Leo lazima usafishwe. Kuna njia mbili. Tunaweza kukuwekea mrija mwingine wa muda, pajani. Au tunatumia mkono."

"Wa pajani hauumi ukishawekwa?"

"Hauumi. Ila hutakaa vizuri, hutatembea vizuri, na uchafu unaupenda kuliko hata ule wa shingoni. Nao tutautoa baada ya siku chache. Halafu tutaulizana tena swali hili hili." Aliugusa mkono wa kushoto. "Aluoch, mkono huu umekuwa tayari muda mrefu. Nimekuwa nikiuchoma kwa macho tu. Unaogopa nini hasa?"

Aluoch alitazama dirishani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini pumzi ilikuwa fupi, na mtu mwenye pumzi fupi hana nafasi ya kuzunguka.

"Nikichomwa sitalala."

"Na ukilala?"

"Ninakwenda mahali. Kuna mfereji." Alimeza mate, yaliyokuwa hayapo. "Ninakunywa maji, Sista. Ninakunywa mpaka basi."

Alingoja acheke. Sista Idil alikaa vile vile, mikono mapajani.

"Maji yake yakoje?"

"Baridi. Yana ladha ya mabati."

"Nilikulia Garissa," Sista Idil alisema. "Najua mtu anaweza kuota maji. Kama mfereji wako uko kwenye mrija au uko ndani yako, hilo sikusomea, na sitakudanganya. Ila niambie kitu kimoja. Ukiamka huko, kiu inakuwa imeisha?"



Aluoch alijaribu kukumbuka hata siku moja kiu ilipoisha. Alikumbuka maji yakimwagika kidevuni. Alikumbuka kifua kimelowa. Alikumbuka bega likiguswa, na ulimi mkavu kama gamba. Kila siku ulimi mkavu. Miezi yote hiyo alikuwa amekunywa, akanywa, akanywa, na hakuwahi kushuka kwenye kiti kile akiwa ameshiba. Aliuinua mkono wa kushoto, akavuta mkono wa sweta, akauweka sikioni. Ulivuma. Ulikuwa unasaga, bila kujali kama anaupenda.

"Choma," alisema.

Walimshusha kwa kiti cha magurudumu. Sista Idil alifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa mpaka akaridhika. Sindano ilikuwa nene kuliko Aluoch alivyodhani, na ile aliyoidhania ilikuwa nene tayari.

"Usiitazame," Wahome alimshauri. "Nitazame mimi. Mimi ni mbaya zaidi."

Aliitazama. Iliingia. Uchungu ulimpanda hadi begani, mkali, mweupe, machozi yakaruka yenyewe. Hakupiga kelele. Ya pili ilikuwa kama ya kwanza, haikupunguza kitu kwa kuwa ya pili. Kisha plasta, kisha klipu zikafunguliwa, na damu yake ikatokea kwenye mpira, nyekundu iliyochangamka, ikakimbia mbio kuelekea kwenye mashine. Sista Idil alitazama namba, akasubiri, akatazama tena. Akatoa pumzi.

"Inakwenda," alisema. "Inakwenda vizuri sana. Usiukunje mkono."

Aluoch akafumba macho.

Aliona weusi wa kawaida, ule ulio nyuma ya kope za kila mtu. Alingoja. Mkono ulimpwita. Hapakuwa na ubaridi chini ya sikio, na barabara haikufunguka. Alikaa pale gizani kwa muda, kama mtu aliyesimama nje ya nyumba iliyohamwa, na machozi mengine yakatoka, haya ya taratibu. Kisha akafungua macho, maana hapakuwa na la kuona huko.

Mashine iliendelea kuvuta. Hatimaye pumzi ilianza kumrudia, kidogo kidogo, kama mgeni anayeingia huku akipiga hodi. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Dari ya chumba ilikuwa na alama ya unyevu iliyofanana na bata. Mama wa kiti cha dirishani alikuwa akifuma kofia kwa mkono mmoja na meno. Mzee mmoja alikuwa akiomba kimya, midomo ikicheza. Na mlango ukafunguka, akaingia mwanamke aliyevaa aproni, akisukuma toroli lenye birika kubwa na vikombe vya plastiki.

"Ni nini hiyo?" Aluoch aliuliza.

"Chai," Sista Idil alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. "Huletwa kila siku. Mkiwa kwenye mashine mnaruhusiwa kikombe kimoja kizima, nje ya vile vya nyumbani, kwa sababu tunakitoa hapa hapa. Si uliambiwa?"

Labda aliambiwa. Siku za mwanzo aliambiwa mambo mengi, na kichwa kilikuwa kimejaa maji.

"Na changu? Nikiwa nimelala?"

Mwanamke wa chai alisita, birika mkononi. Akamtazama Wahome. Wahome akatazama dari, mahali penye yule bata.

"Mzee ndiye husema tumwachie yeye," mwanamke akasema. "Husema ni mpwa wake."

"Ilikuwa inapoa bure!" Wahome alijitetea.

"Mzee Wahome." Sista Idil alisimama wima. "Miezi yote hii? Vikombe viwili?"

"Sista, chakula cha mgonjwa hakitupwi. Kwetu ni dhambi."

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata mzee aliyekuwa akiomba. Aluoch alicheka mpaka Sista Idil akaushika mkono wake wa kushoto usitikisike. Kikombe kikawekwa kwenye kiganja chake cha kulia. Kilikuwa kizito. Kilikuwa moto. Chai ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyoshika chini ya sufuria.

Alikunywa funda moja, akalikalisha mdomoni. Halikuwa na ladha ya mvua. Lilikuwa na sukari kidogo na moshi kidogo, na lilipita ulimini, likapita kooni, likashuka mahali alipolisikia likifika. Akangoja. Ulimi ulikuwa bado umelowa.

"Guka," alisema, akikumbatia kikombe kifuani, "leo utakunywa yako tu."

"Nimeona," Wahome alisema kwa huzuni, akanyoosha mkono kupokea chake. "Nimeona, msichana wangu. Na wiki ijayo pia?"

"Na wiki ijayo pia."